Mzee Povu na Sabuni ya Shemeji

Wafanyakazi wapya wa uwanja wa gofu wakisikia jina la Mzee Povu hujiandaa kutukanwa. Siku hizi mtu akifoka bila breki husemwa ametoa povu, kwa hiyo hudhani wamepewa mkuu wa kugombeza kutwa nzima. Wiki inapita, mwezi unapita, wanashangaa. Mzee hafoki. Hata mashine ya kukatia nyasi ikigoma, yeye huitazama tu kwa huruma, kama mtu anayemtazama mjomba wake aliyelewa mchana. Ndipo mmoja wao anapomwuliza Honi, msaidizi wake, jina hilo lilitoka wapi. Honi ni mwanamke wa makamo ambaye sauti yake ikitoka grini ya kwanza inafika ya mwisho, na jibu lake ni lile lile kila mwaka: "Kaa chini. Hii haisimuliwi mtu amesimama."

Basi na sisi tukae.

Grini, kwa asiyejua, ni ule uwanja mdogo wa nyasi fupi kama zulia unaozunguka shimo, mahali ambapo mpira husukumwa taratibu uingie. Chini ya zulia hilo kuna mchanga, na mchanga una tabia zake. Mizizi ikioza humo miaka nenda miaka rudi, punje za mchanga hupakwa utando kama wa nta. Udongo ukiwa na unyevu, hakuna neno. Ukiachwa ukakauka, unanuna: unamwagiwa maji asubuhi na jioni nao unayakataa, yanateleza juu kama kwenye mgongo wa bata, na nyasi zinakufa kiraka hapa, kiraka pale. Kwa hiyo kuna dawa, nzito na laini kama mafuta, inayotiwa ili maji yakubali kuzama. Pipa lake limeandikwa jina refu la kuvunja meno. Wafanyakazi tangu zamani wanaiita sabuni, yakaisha.

Mzee Povu alipoanza kazi hakuwa mzee wala hakuwa Povu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, na mkuu wake alikuwa nyapara mmoja aliyetoa maneno kama yanakatwa kwenye mshahara wake. Jioni moja, mvua za msimu zikielekea ukingoni, nyapara akamwambia, "Kesho tunatia sabuni grini ya tisa. Uwe na sabuni." Akaondoka zake.

Kuuliza si ujinga, tunajua, lakini mgeni kazini huona heri afe na swali lake. Kijana akawaza: sabuni iko wapi? Iko kwa wanaofua. Akaenda chumba cha kufulia, ambacho dirisha lake alikuwa akilipita kila siku.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya jiko la klabu. Mpaka leo Mzee Povu akifumba macho anakiona: karai za bati zimepangwa ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo, mvuke umefunika kioo cha dirisha, na ile harufu ya pamba iliyotoka kupigwa pasi. Walifanya kazi humo ndugu wawili, mtu na mdogo wake. Mkubwa alikuwa na kifua kipana na mikono iliyotakata kwa maji, na watu wote walimwita Dada Mkubwa, hata meneja aliyemzidi umri. Mdogo wake alikuwa mezani anakunja vitambaa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nimetumwa sabuni. Ya grini."

Yule mdogo akauficha uso kwenye vitambaa, mabega yakimtikisika. Dada Mkubwa hakucheka. Alimtazama kijana kuanzia kichwani hadi kwenye vile viatu, akamtazama mdogo wake, akarudi kwa kijana.

"Imechafuka sana, hiyo grini?"

"Sijui, Dada. Ni ile ya tisa."

"Ah, ya tisa. Ya tisa huwa chafu," Dada Mkubwa akasema kwa uso mkavu. Akamgeukia mdogo wake. "Mpe mche mzima. Na wewe, kijana, mche huo ni wangu mwenyewe, si wa klabu. Utanirudishia."

Kijana aliukwangua mche wote kwa kisu, akaukoroga kwenye pipa la maji ya moto, na kesho yake akawahi uwanjani kabla ya nyapara ili aonekane hodari. Aliinyunyizia grini nzima. Kisha akafungulia maji.

Povu lilianza kando, jembamba, kama la maziwa yanayokamuliwa. Likapanda. Likaanza kutembea. Liliingia shimoni, likajaa, likatoka tena shimoni likaukumbatia mlingoti wa bendera. Wachezaji wa kwanza walifika na mikoba yao wakasimama, mmoja akavua kofia kama aliyekuta msiba. Nyapara akaja, akatazama. "Nani amefua hapa?" akauliza. Halafu yule mtu wa maneno machache akakaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akashika mbavu, na waliokuwapo walisema hawakuwahi kuyaona meno yake kabla ya hapo.

Habari ilifika chumba cha kufulia kabla jua halijapanda. Dada Mkubwa akaja na ndoo mkono huu na mdogo wake mkono huu. "Nenda kasuuze na mwenzako," akamwambia mdogo wake. "Wewe ndiye uliyempa. Na huyu kuanzia leo anaitwa Povu."

Wakasuuza mpaka mchana. Yeye alikuwa anamwaga ndoo nzima nzima kwa hasira na aibu, na msichana akamshika mkono. "Si hivyo. Ukimwaga kwa pamoja povu linahama tu. Kidogo kidogo, mara nyingi." Grini ilipona. Kijana hakupona. Jioni ile alienda nyumbani akiwa anajua kitu kimoja tu duniani, kwamba kesho atatafuta sababu ya kupita tena nyuma ya jiko.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kutoka kazini, nyapara alimwita. Alikuwa na bomba fupi la chuma. Alilizamisha kwenye grini, akalichomoa na kijiti cha udongo kirefu kama ndizi ndani yake, akakilaza kiganjani mwa kijana, akadondosha tone la maji juu yake kwa ncha ya kidole. Kisha akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake.

"Tone likizama papo hapo, subiri. Mvua bado imo ardhini, dawa itapotea bure. Tone likikaa juu kama ushanga, umeshachelewa, utafukuza viraka mpaka mvua zirudi. Siku yenyewe ni pale tone linaposita. Linakaa kidogo, kama mtu mlangoni anayefikiri aingie au arudi, ndipo linaingia. Siku hiyo tia. Na ukitia, fungulia maji hapo hapo, dawa ikikaukia kwenye jani inaliunguza."

Kuna waliosema haraka haraka haina baraka, na kuna waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wana haki yao. Siku ya sabuni iko katikati ya methali hizo mbili, na ni nyembamba. Povu aliipenda siku hiyo kuliko sikukuu zote. Nyapara alipostaafu, yeye ndiye aliyekabidhiwa bomba la chuma, na grini zake hazikuota viraka.

Zilikuwa siku nzuri zile, na mimi sioni aibu kulisema. Saa ya chai alipitia nyuma ya jiko, akakuta mashuka yameanikwa kwenye kamba ndefu, akaongea na yule msichana kupitia mashuka, kila mmoja upande wake, bila kuonana uso. Wazazi wa msichana walikuwa wazee na mbali, kwa hiyo aliyekaa kitini kusikiliza posa alikuwa Dada Mkubwa. Washenga walisema yao wakamaliza. Dada Mkubwa akasema, "Yote sawa. Mimi binafsi nadai mche wangu wa sabuni." Watu walicheka, wakala, wakaoa na kuolewa, mche ukasahauliwa.

Miaka ikapita na mambo yake. Klabu ikaleta mashine za kufulia, kile chumba kikawa stoo ya viti vibovu. Dada Mkubwa akarudi kwao kuitunza nyumba ya wazazi, ng'ambo ya mto, mbali, kwa basi linalokwenda mara mbili tu kwa wiki. Mdogo wake akabaki na mumewe na watoto na cherehani yake. Walizungumza kwa simu, na kila simu iliisha vile vile. "Mwambie Povu anirudishie sabuni yangu!" Na mke wa Povu hujibu hapo hapo, "Tunakuja nayo, Dada!"

Hawakuwa wanakwenda. Hapa ndipo pana uchungu wa hadithi yetu. Mvua zikiwa nyingi, barabara ya mtoni haipitiki. Kiangazi kikishika, Povu yuko uwanjani na mipira ya maji kutwa. Nafasi ilikuwa moja tu kila mwaka, mvua zinapoisha na barabara inapokauka, na nafasi hiyo ndiyo siku za sabuni. "Nikishatia sabuni tutaenda, Mama," alimwambia mkewe. Akishatia, ilibidi aangalie maji yamezama vipi. Akishaangalia, mashindano yamekaribia. Walifika kule kwa misiba miwili na kurudi kabla matanga hayajaanuliwa. Mkewe hakugomba. Alikuwa akilikunja begi tupu na kulirudisha juu ya kabati, na kuendelea kushona.

Mwaka mmoja Dada Mkubwa aliugua. Kwanza miguu, baadaye pumzi. Hospitali walimlaza, halafu wakamrudisha nyumbani, na maana ya kurudishwa kwa namna ile kila mtu mzima anaijua. Mke wa Povu alishusha begi.

"Baba, twende wiki hii."

"Twende, Mama. Ila ngoja kidogo. Nimepima leo, tone linazama moja kwa moja. Mvua bado zinadondoka dondoka. Likisita tu, natia, tunaondoka."

"Haya," akasema mkewe.

Mvua zikacheza naye. Kila asubuhi alizamisha bomba, akadondosha tone, nalo likapotea udongoni kama halikuwahi kuwapo. Basi moja likaondoka bila wao, na jingine. Honi alimwambia wazi, kwa ile sauti yake ya kusikika na vijiji jirani, "Mzee, nenda! Hii grini tangu lini ikawa mamako mzazi?" Povu akacheka akasema kesho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba vitu vya thamani vinataka kusubiriwa, na hakuwahi kujiuliza nani mwingine anasubiri.

Jioni moja walikuwa sebuleni, yeye anavua viatu, mkewe anapachika vifungo, simu ikaita. Ilikuwa Dada Mkubwa, sauti imekuwa nyembamba kama si yake. Waliongea mambo ya hali, usingizi, uji. Kisha sauti ile ikauliza, "Mnakuja lini?"

Mke wa Povu alifungua mdomo. Halafu akanyamaza. Alitazama sindano iliyokuwa mkononi mwake, kidogo tu, muda ambao mtu mwingine asingeuona, ndipo akasema, "Tunakuja, Dada."

Povu alibaki na kiatu kimoja mkononi. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuona kitu kinaposita. Alimtazama mkewe akiikata simu, akiipachika sindano kwenye kitambaa, akianza kifungo kingine, na moyo wake ukaingiwa na hofu. Mama huyu alikuwa akijibu hapo hapo miaka yote. Jibu lilikuwa linazama. Leo limesita. Akijibiwa "ngoja" mara moja nyingine, neno lolote atakalomwambia baadaye litateleza juu. Akavua kiatu cha pili, akaenda kuoga.

Asubuhi alikwenda grini ya tisa kama kawaida, akazamisha bomba. Alidondosha tone kwenye kijiti cha udongo. Tone likakaa. Likafikiri. Likaingia.

Honi alikuwa nyuma yake. "Limesita! Mzee, limesita! Nikalete pampu?"

"Kalete," akasema Povu. Kisha akalifuta lile bomba kwa kitambaa, taratibu, ndani na nje, akamkabidhi. "Tia wewe. Basi linaondoka leo."

Honi kwa mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi? Na maji?"

"Hapo hapo, kabla dawa haijakaukia jani. Unajua. Umeniona mara ngapi?"

Alimkuta mkewe ndani anafagia. "Mama, beba begi."

"Umeshatia sabuni?"

"Grini ina mtu wake."

Mkewe aliuweka ufagio ukutani, ukaanguka, akauacha ulivyoanguka. Njiani kuelekea kituoni Povu alimwambia amsubiri dakika, akaingia dukani, akatoka na kitu kirefu kimefungwa kwenye gazeti. Mkewe alikitambua kwa umbo lake. Alimshika mkono, mchana kweupe, watu wakiona.

Walimkuta Dada Mkubwa kwenye kitanda cha mbao kando ya dirisha, mito imemwinua. Kifua kile kipana kilikuwa kimekwenda. Mikono tu ndiyo iliyobaki vile vile, imetakata. Ndugu wawili walishikana wakalia, na Povu akasimama mlangoni na gazeti lake akilia pia, kwa nini afiche.

"Nani huyo anajificha mlangoni?" akauliza mgonjwa.

"Ni mimi, shemeji."

"Umekuja na sabuni yangu au umekuja na maneno?"

Aliupokea mche kwa mikono miwili, akaufungua, akaunusa muda mrefu. Akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena.

"Povu, hivi wewe unadhani sikujua?"

"Hukujua nini, shemeji?"

"Sabuni ya grini! Miaka yote nilifanya kazi pale, pipa lao liko stoo mlango wa pili, mimi nisilijue? Nilijua kabla hujapata akili." Alipumzika, akavuta pumzi. "Wewe ulikuwa unapita dirishani kwangu kila siku, huna shida yoyote. Na huyu naye anaanika mashuka makavu. Mnaviziana tu. Nikasema, hawa nikiwaachia wenyewe watakauka bure. Ulipokuja na ujinga wako nikaona, leo ndiyo siku."

Mke wa Povu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kama yule msichana wa kwenye vitambaa. Povu alikaa kwenye kigoda. Maisha yake yote alijiona yeye ndiye bingwa wa kujua siku.

Walikaa. Basi lilikuja na kuondoka, likaja tena. Asubuhi moja mke wa Povu alimtoa dada yake uani kwenye kiti, juani, akaanza kumwosha nywele kwa ule mche. Povu alikuwa kibarazani simu ilipoita. Haikuhitaji kuwekwa sikioni.

"Mzee! Pampu ya maji ilikufa baada ya kutia! Maji yalichelewa! Sasa grini ya tisa imetoka kiraka, kikubwa kama mkeka! Mwenyekiti anauliza uko wapi! Basi la leo lipo, rudi!"

Pale uani mkewe alikuwa ameacha kusugua. Hakugeuka. Mikono yake ilitulia tu kwenye kichwa cha dada yake, ndani ya povu.

Povu aliiona ile grini kama yuko juu yake, na kile kiraka kilimuuma kweli, kilimuuma kama jino. "Kitoboe toboe," akasema, "umwagie kidogo kidogo, mara nyingi. Usimwage kwa pamoja. Kitafunga mvua zikirudi."

"Na wewe unarudi lini?"

"Mimi nipo hapa."

"Povu!" Dada Mkubwa akaita kutoka kwenye kiti, macho ameyafumba. "Unaongea na nani na mimi sabuni inaniingia machoni? Leta maji ya kusuuza!"

Alikata simu, akachukua ndoo, akaenda. Alimkinga paji la uso kwa kiganja, akamwaga maji kidogo kidogo, mara nyingi, mkewe akizipitisha zile nywele nyeupe katikati ya vidole, mpaka maji yakatoka safi.

Kiraka cha grini ya tisa kilifunga mvua za kwanza ziliponyesha, na leo huwezi kuonyesha kilikuwa wapi. Dada Mkubwa hakuziona mvua hizo. Kipande cha mche kilichobaki kiko nyumbani kwa Mzee Povu, kwenye dirisha la bafu, na hakuna anayekitumia. Kimekauka, kimepasuka. Lakini mkewe hukilowesha siku moja moja, na bado kinatoa povu.